Karanja Tunamjua: Riwaya za Mau Mau Mikononi mwa Wasomaji wa Meru na Embu

Wapenzi wa vitabu kutoka Meru na Embu wakikutana kwenye kundi la WhatsApp kuijadili A Grain of Wheat, kuna swali ambalo halikosi kuzuka: Karanja alikuwa mtu mwovu, au alikuwa kijana aliyeogopa kufa? Ngũgĩ wa Thiong'o alimuumba mhusika huyo katika riwaya iliyotoka 1967. Alimweka katika kijiji cha kubuni cha Thabai, akamfanya homugadi, yaani mlinzi wa upande wa wakoloni, kisha akampa uchifu huku wenzake wakiteseka kizuizini. Msomaji aliyeko Runyenjes au Nkubu hahitaji kuelezwa Karanja ni nani. Anamjua kwa jina jingine, na pengine hata shamba lake analijua.

Kwangu, hapo ndipo penye thamani kubwa ya riwaya ya kihistoria katika upande huu wa Mlima Kenya. Hali ya Hatari ya kupambana na Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Katika miaka hiyo ndugu wa ukoo mmoja waligawanyika, huyu akaingia msituni, yule akashika bunduki ya serikali. Uhuru ulipokuja walirudi kuishi wakipakana, wakaozana, watoto wao wakakaa dawati moja. Ukiyataja mambo hayo hadharani umemtaja babu ya mtu. Karanja wa kitabuni hana wajukuu wa kuumizwa, kwa hiyo anaweza kulaumiwa, kutetewa na kulaumiwa tena usiku kucha bila ya jirani kununiana na jirani.

Makundi haya hayana urasmi mwingi. Utamkuta mwalimu wa Chuka, muuguzi wa Embu, mfanyabiashara wa miraa wa Maua, na kijana wa Tigania anayefanya kazi Doha. Wanakubaliana sura za kusoma wiki hiyo, na ikifika Ijumaa jioni jumbe za sauti zinaanza kumiminika. Kitabu ni cha Kiingereza, mjadala ni wa Kiswahili, na jambo likimchoma mtu anahamia Kimeru au Kiembu, na wenzake wanamfuata bila taabu.

Ubishi wa A Grain of Wheat mara nyingine huanzia kwenye nakala zenyewe, maana hazifanani. Ngũgĩ aliirekebisha riwaya hiyo na toleo jipya likatoka 1986. Katika toleo la kwanza Dr Lynd, mwanamke wa Kizungu, anabakwa. Katika toleo la marekebisho tukio hilo limeondolewa, kikabaki kisa cha kuuawa kwa mbwa wake. Aliyerithi kitabu cha babake na aliyenunua chake juzi wanasoma hadithi mbili, na wasipoweka kurasa zao kando kwa kando hawatagundua. Naamini mwandishi ana haki ya kuirekebisha kazi yake. Ila msomaji wa historia anastahili kuyaona matoleo yote mawili, ajue mwandishi aliona nini akiwa kijana na aliona nini baadaye.

Vilevile, katika riwaya hiyo hiyo, kuna kambi ya Rira. Ni ya kubuni, lakini wafungwa 11 wanaokufa humo kwa kipigo wanawakumbusha wasomaji wafungwa 11 waliouawa katika kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959. Msomaji mmoja akilitaja hilo, mwingine anaikumbuka Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu. Mashamba ya mpunga ya huko tunayoyasifia pishori yalianza kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Sijaona kitabu cha shule kilicholiingiza jambo hilo moyoni mwa watu kama linavyoingia mjukuu wa mfungwa anaposimulia kwa sauti yake mwenyewe.

Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, anawagusa watu hawa kwa njia nyingine. Katika Carcase for Hounds ya 1974 Jenerali Haraka wa Mau Mau anajeruhiwa na kudhoofika msituni huku kikosi cha Mwingereza Kingsley kikimsaka. Aliyekulia Chogoria anaujua msitu wa mianzi na mvua yake isiyokatika, kwa hiyo anamsoma Haraka kwa mwili mzima. Lakini pia anauliza: mtaro uko wapi? Wakoloni waliwalazimisha wanavijiji, wanawake wakiwemo, kuchimba mtaro wa maili zipatazo 50 kando ya msitu na kuchomeka ndani yake mianzi iliyochongwa, ili wapiganaji wasipate chakula. Nyanya zetu waliuchimba.

Kwa wanaopenda Kiswahili kuna riwaya ya Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi, iliyochapishwa 1969. Inastahili kusomwa kuliko inavyosomwa.

Hata hivyo, riwaya za Mau Mau zinazotajwa zaidi katika mijadala zimeegemea Kiambu, Nyeri na Nyandarua. Upande wetu una mambo mazito yanayosubiri kalamu. Juni 1953 wanajeshi wa King's African Rifles waliua watu wapatao 20 karibu na Chuka, na wengi wao walikuwa homugadi, watu wa upande wa serikali yenyewe. Mwandishi wa riwaya angetaka nini zaidi? Musa Mwariama, mpiganaji wa Mau Mau, alitoka msituni Desemba 1963 na kupigwa picha na Jomo Kenyatta. Mwenzake Baimungi M'Marete aliuawa 1965 na majeshi ya Kenya iliyokwisha kuwa huru.

Na kuna Ngaitana. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, chini ya shinikizo la wakoloni, walipiga marufuku ukeketaji wakiwa Nchiru. Wasichana wa Meru wakaamua kujikata wenyewe kwa wembe, ndio wakaitwa Ngaitana, yaani 'nitajitahiri mwenyewe', na katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Ni kisa kigumu: ukoloni, wazee, mama na binti wote wamo, na hakuna anayetoka msafi. Ripoti ya mahakama itakupa idadi. Ni riwaya pekee itakayoingia chumbani mwa binti wa miaka 13 usiku ule na kukuonyesha aliyekuwa akiyafikiria.

Mijadala ya simuni ina hatari zake pia. Picha ya mpiganaji mmoja husambazwa kwa jina la mwingine, na simulizi la ukoo hugeuzwa kuwa ushahidi. Dawa ni kuuliza: nani alisema, alikuwa wapi, alikuwa na umri gani? Jumba la makumbusho la Meru liko mjini, na maktaba za umma ziko Meru na Embu. Ziendewe.

Kijana wa 1953 aliyekuwa na miaka 15 sasa amekaribia kutimiza 90. Kama yuko nyumbani kwenu, mkalie chini wikendi hii, washa kinasa sauti cha simu, muulize kuhusu mtaro. Kisha uandike, kwa Kimeru, kwa Kiembu au kwa Kiswahili. Wasomaji wapo, na wanangoja.