Kioo Kilichosukwa kwa Moto

Katika sanaa zote zinazotegemea moto, sidhani iko inayoshindana na tabia ya kitu chake kuliko hii ya kutia nakshi za msuko katika kioo kinachoyeyushwa tanurini. Maana msuko, uwe wa mkeka au wa kitambaa, asili yake ni kupita juu na kupita chini, ukanda mmoja ukimficha mwenziwe kisha nao ukafichwa, hali kioo kikishapata harara ya kutosha hakijui tena juu wala chini, bali huungana, hujinyosha na kuwa bapa moja. Anayetaka kuvipatanisha viwili hivi hana budi ashike mojawapo ya njia mbili: ama auzuie moto usimalize kazi yake, ama alihadae jicho la mtazamaji.

Hamu yenyewe ni ya kale. Mafundi wa zama za Wayunani wa mwisho, karne chache kabla ya kuzaliwa Kristo, walisokota nyuzi nyembamba za rangi ndani ya kioo angavu, wakazipanga ubavu kwa ubavu, wakaziyeyusha pamoja na kuziinamisha juu ya kalibu, hata bakuli ikaonekana imefumwa. Kiasi cha mwaka 1940 huko Murano, msanifu Carlo Scarpa aliibunia kampuni ya Venini vyombo vya mistari ya rangi iliyosongamana mfano wa nguo. Lakini sanaa ya tanuri kama tuijuavyo leo inawiwa deni zaidi na Klaus Moje, Mjerumani mzaliwa wa Hamburg, ambaye mwaka 1979, alipokuwa katika chuo cha kioo cha Pilchuck katika jimbo la Washington, alionana na watu wa Bullseye, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 mjini Portland, Oregon, akawataka watengeneze vioo vya rangi mbalimbali vinavyoafikiana motoni. Kazi zake za kanda zilizopangwa na kuyeyushwa, ambazo aliziendeleza Canberra tangu mwaka 1982, ziliwafungulia mlango wengi waliokuja baadaye.

Sasa tuutazame moto wenyewe. Kioo cha sanaa, ambacho aghalabu huuzwa kwa mabamba ya unene wa milimita 3, hulegea na kuinama kwa uzito wake kikifika kiasi cha digrii 650 za Selsiasi. Baina ya 720 na 760 hivi kingo zake huviringika, na vipande vilivyogusana hushikana pasipo kupoteza maumbo yao. Na kikipita 800 huyeyuka kabisa, viwili vikawa kimoja. Fauka ya hayo iko kaida ambayo kila mwanafunzi huijua baada ya kuharibu kazi kadhaa, nayo ni kwamba kioo kilichoyeyuka, kwa nguvu ya mvuto wa uso wake, hupendelea unene wa milimita 6: bamba moja la milimita 3 hujikunyata na kuzivuta kingo zake ndani, na mabamba matatu yaliyopandana hutandaa yakatoka nje ya mpaka wake. Msuko wa kanda una milimita 6 pale kanda zinapokutana, 3 pale ukanda unapopita peke yake, na tundu tupu baina yake. Ukiupeleka hadi 800, pembe nne za kila tundu huviringika, makutano hudidimia, na ulichokiita msuko hugeuka wavu wa matundu ya duara, ambao una uzuri wake, illa si msuko tena.

Mwenye kuchagua kuhadaa jicho hutandaza bamba angavu la milimita 3, na juu yake hupanga vipande vya rangi nzito vilivyokatwa mahali ambapo ukanda ungepita chini ya mwenziwe. Hakuna ukanda upitao chini ya mwingine, na kwa kuwa jumla ya unene ni milimita 6, moto kamili haumdhuru. Taabu yake huja mahali asipopatazamia. Msuko wa kawaida, wa moja juu moja chini, ukiwa wa rangi mbili na usiwe na nafasi baina ya kanda, kwa juu ni miraba ya drafti tu, wala jicho halina sababu ya kuona zaidi ya drafti. Dawa yake ni kuvifanya vipande kuwa virefu kuliko upana wake, au kufuata msuko wa mbili juu mbili chini unaokwenda mshazari, au kutumia kioo chenye michirizi na kukikata hivi kwamba michirizi ya mtande isimame na ya mshindio ilale. Hii ya mwisho ndiyo niipendayo, kwani mchirizi mmoja ukionekana upande huu wa makutano na kutokeza tena upande wa pili, jicho huamini lenyewe kwamba ulipita chini.

Ipo hila nyingine, ya kikemia. Kioo kilichotiwa rangi kwa shaba, kama vile baadhi ya feruzi, kikiyeyuka ubavuni mwa kioo chenye salfa, kama baadhi ya rangi za malai na za manjano, huacha katika mpaka wao mstari wa hudhurungi, mwembamba, usiolingana sana, kana kwamba umechorwa kwa mkono. Wapo wauonao kuwa ni doa. Katika nakshi ya msuko mstari huo hukaa mahali pa kivuli, ukaipa nakshi kina ambacho rangi peke yake haikiwezi.

Njia ya pili ni kusuka kweli. Msukaji mkeka huipinda miyaa kwa vidole, lakini kioo kikavu hakipindiki, kwa hiyo kanda za mtande hutiwa mawimbi kabla ya kusukwa: hulazwa juu ya fito za udongo wa kuchomwa zilizopakwa kaolini ili zisigandame, zikapelekwa kiasi cha digrii 650 hadi zilegee na kushuka baina ya fito. Hapa hesabu ni lazima. Mshindio wa milimita 3 utapita chini ya kilima na juu ya bonde, na ukanda wenyewe una unene wa milimita 3. Basi tafauti baina ya tumbo la kilima na tumbo la bonde haiwezi kupungua milimita 6, na mwenye busara huongeza moja ya nafasi. Kisha kanda hupangwa, kilima cha huu kikielekea bonde la jirani yake, na mshindio ulionyooka husukumwa kutoka ubavuni. Moto wa pili haupiti 750 au karibu yake, hata kazi ikatoka na migongo iliyoinuka ambayo kidole huisikia. Kwa rai yangu hii ndiyo njia bora, ingawa hutumia moto mara mbili na huvunja kanda nyingi.

Katika njia zote mbili, hadhari kubwa ni ya kupoa. Ukanda wa milimita 300 wa kioo cha daraja la 90 la kutanuka kwa joto, ukitoka digrii 482, ambako kioo hutulizwa kabla ya kupoa, hadi joto la chumbani, hupungua kiasi cha milimita 1 na robo. Wa daraja la 96 hupungua zaidi kwa kitu kisichofika moja ya kumi ya milimita, na kidogo hicho chatosha kukivunja chombo kilichochanganya madaraja yote mawili, saa ile ile au baada ya miezi. Ukiwa na shaka, tia kipande kilichounganishwa baina ya vichujio viwili vya nuru vilivyokingamana: kilicho salama hubaki katika giza, na chenye mvutano hutoa mwanga penye maungio. Tena, maadamu unene wa msuko haulingani, muda wake wa kutulizwa ukadiriwe kana kwamba ni mnene maradufu. Chombo cha milimita 6 nakiachia saa 2 badala ya moja, kisha hushuka taratibu.

Asiyekuwa na kioo cha sanaa asikate tamaa. Kioo cha dirisha, ambacho karakana za Kitengela, kusini mwa Nairobi, zimekitumia miaka mingi kwa kupuliza vyombo, husukika vilevile, ila ni kigumu zaidi na hudai digrii kadhaa za ziada. Kanda zote zitoke katika bamba moja, kwani vioo viwili vya madirisha, hata vikifanana machoni, havina dhamana ya kuafikiana.