Mkubwa Alipokubali Kupungua: Indonesia na Fahari Yake

Kila tarehe 17 Agosti, siku ya uhuru, katika vijiji na mitaa mingi ya Indonesia husimamishwa gogo refu la mpopoo lililotolewa gome na kupakwa mafuta. Kileleni huning'inizwa zawadi: ndoo, mashati, vyombo vya jikoni, hata baiskeli. Hakuna awezaye kulipanda peke yake. Vijana hupandiana mabegani, huteleza wakaanguka wote, huanza upya, mpaka mmoja afike juu na kuwatupia wenzake zawadi zile. Mchezo huu, panjat pinang, una wapinzani wake nchini humo, wanaokumbusha kwamba enzi za ukoloni Waholanzi walikuwa wakiutazama kwa kujifurahisha. Hata hivyo umebaki, na kuna jambo moja ndani yake ambalo mgeni huweza kulipita bila kuliona. Anayeshangiliwa ni yule wa juu, mwepesi. Lakini mnara wote umesimama juu ya mabega ya mwenye nguvu kuliko wote, na kazi yake ni kukaa chini akanyagwe. Mimi naamini kwamba Indonesia yenyewe imesimama hivyo hivyo, na kwamba kila ilipoyumba, iliyumba kwa sababu mwenye nguvu alikataa kukaa chini.

Ukubwa wa nchi hii si rahisi kuubeba kichwani. Ina visiwa zaidi ya 17,000, na kutoka Sabang upande wa magharibi hadi Merauke upande wa mashariki ni zaidi ya kilomita 5,000. Ikiwa saa 12 asubuhi Jakarta, Papua ni saa 2. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 270, na lugha za kienyeji zinazidi 700. Wapo Waminangkabau wa Sumatra, Waislamu ambao nyumba na mashamba ya ukoo hurithiwa na binti. Wapo Wabali, Wahindu ambao siku yao ya ukimya, Nyepi, hufunga hata uwanja wa ndege kwa saa 24. Wapo Wabatak na Watoraja, wengi wao Wakristo. Lakini wingi huu wa makabila usitufiche jambo la pili, ambalo ndilo zito zaidi: makabila haya hayalingani. Kisiwa cha Java ni takribani asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi, lakini kinakaliwa na zaidi ya nusu ya raia wote. Wajava peke yao walikuwa karibu asilimia 40 ya watu katika sensa ya 2010. Waislamu ni asilimia 87 hivi. Nchi yenye kabila moja kubwa hivyo na dini moja kubwa hivyo ingetarajiwa izungumze lugha ya kabila hilo na kuandika dini hiyo katika katiba yake. Indonesia haikufanya lolote kati ya hayo mawili, na hapo ndipo pa kuitafuta fahari yake.

Tuanze na lugha. Tarehe 27 na 28 Oktoba 1928, vijana kutoka vyama vya Java, Sumatra, Ambon, Sulawesi na Batak walikutana Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, ambako wimbo wa W. R. Supratman, Indonesia Raya, ulipigwa kwa fidla kwa mara ya kwanza hadharani. Waliapa mambo matatu: nchi moja, taifa moja, na kuitukuza lugha ya umoja, Kiindonesia. Kiapo hicho kina uangalifu mkubwa. Kuhusu nchi na taifa vijana walisema moja. Kuhusu lugha hawakusema moja, walisema ya umoja, maana hawakukusudia lugha za nyumbani zife. Na lugha waliyoipa jina hilo jipya ilikuwa Kimalay, ambacho waliozaliwa nacho walikuwa sehemu ndogo tu ya watu wa visiwa hivyo, lugha ya bandarini na sokoni. Kijava, chenye maandishi na fasihi ya karne nyingi, kiliachwa nyumbani.

Atakayepinga atasema hilo halikuwa jambo la ukarimu. Waholanzi walikwisha kukitumia Kimalay katika ofisi na shule zao, wamisionari na wafanyabiashara walikuwa wamekieneza kila pwani, na wazalendo walichukua tu kilichokuwa mkononi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Kijava kina ngazi za heshima, ngoko kwa wenzi na walio chini, krama kwa wakubwa, kiasi kwamba mtu akifungua kinywa tu amekwisha kutaja nafasi yake na nafasi ya anayezungumza naye. Vijana waliotaka kuketi kama raia sawa hawakuweza kuketi vizuri ndani ya lugha hiyo. Tena wepesi wa lugha ya biashara hauwalazimishi walio wengi kuikubali. Dunia ina mifano mingi ya walio wengi walioukataa wepesi wa namna hiyo. Msomaji wa Afrika Mashariki ataona hapa sura ya Kiswahili chetu, lugha nyingine ya pwani iliyounganisha bara. Kufanana kupo, hata katika maneno: meza ni meja, habari ni kabar, wakati ni waktu, na bendera ni bendera vilevile, kwa kuwa Wareno na Waarabu walitia nanga kwao na kwetu. Ila tofauti moja haifai kusahauliwa. Tanganyika haikuwa na kabila lililokaribia nusu ya watu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuombwa apungue. Indonesia alikuwapo.

Suala la dini lilikuwa gumu zaidi, na liliamuliwa kwa siku moja. Tarehe 22 Juni 1945 kamati ya viongozi ilikubaliana juu ya dibaji ya katiba iliyokuwa na maneno 7, kwa lugha yao, yanayowataka Waislamu watimize wajibu wa kufuata sharia. Uhuru ulipotangazwa na Sukarno na Mohammad Hatta tarehe 17 Agosti, Hatta alipelekewa ujumbe kwamba Wakristo wa mashariki hawangeingia katika taifa lenye maneno hayo. Asubuhi ya tarehe 18 aliwaita viongozi wa Kiislamu, miongoni mwao Ki Bagus Hadikusumo wa Muhammadiyah, mtu aliyeyatetea maneno yale kwa imani yake yote. Maneno yakaondolewa. Mahali pake pakawekwa imani kwa Mungu Mmoja tu, ambayo ndiyo nguzo ya kwanza ya Pancasila, misingi mitano ya taifa hilo. Viongozi wa walio wengi walikubali kuurudisha msimamo wao mfukoni ili wachache wa visiwa vya mbali wasiondoke. Sijui mifano mingi ya namna hii katika historia ya kuzaliwa kwa mataifa.

Si wote walioridhika. Kartosuwiryo alitangaza dola ya Kiislamu huko Java Magharibi mwaka 1949 na akapigana hadi alipokamatwa mwaka 1962, na mjadala juu ya maneno yale 7 ulirudi bungeni zaidi ya mara moja. Wala ukarimu wenyewe haukumfikia kila mtu. Kwa miaka mingi serikali ilitambua orodha fupi ya dini, na wafuasi wa imani za jadi walijikuta hawana la kuandika kwenye kitambulisho, mpaka Mahakama ya Katiba ilipowapa haki hiyo mwaka 2017. Hayo ni mapungufu ya kweli, nami sitaki kuyapaka rangi. Lakini yanaonyesha pia mwelekeo: kila marekebisho ya maana yamekuwa ni kupanua mlango ule uliofunguliwa tarehe 18 Agosti 1945.

Kwa sababu hiyo fahari ya Waindonesia ina sura ambayo mgeni huweza kuishangaa. Nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani imechukua nembo ya Garuda, ndege wa visa vya Kihindu. Manyoya ya kila bawa ni 17, ya mkia 8, ya shingoni 45, yaani tarehe ya uhuru imeandikwa mwilini mwake. Kaulimbiu anayoishika kwa makucha, Bhinneka Tunggal Ika, yaani mbalimbali lakini kitu kimoja, imetoka katika utenzi wa Mpu Tantular wa karne ya 14 ulioeleza kwamba ukweli wa Budha na wa Shiva haujagawanyika. Hekalu la Borobudur, la Wabudha, hutunzwa kama mali ya wote. Msikiti mkuu wa Jakarta, Istiqlal, uliofunguliwa mwaka 1978, ulichorwa na Friedrich Silaban, Mbatak Mkristo aliyeshinda shindano la wasanifu majengo, na umejengwa ng'ambo ya barabara kutoka kanisa kuu la Wakatoliki. Sasa kuna njia ya chini ya ardhi inayoyaunganisha majengo hayo mawili. Hata neno la Waindonesia la nchi ya asili, tanah air, maana yake ni ardhi na maji. Mwaka 1957 waziri mkuu Djuanda alitangaza kwamba bahari iliyo kati ya visiwa ni ya taifa, si njia ya kimataifa inayoanza maili 3 kutoka kila ufuko kama sheria ya Waholanzi ilivyosema, na mkataba wa bahari wa mwaka 1982 ukaikubali hoja ya namna hiyo. Kwa taifa la visiwa hili halikuwa jambo dogo: bahari iliyoonekana kuwatenga ikawa sehemu ya nyumba. Sisi nasi tuna deni kwa bahari hiyo, maana karafuu iliyoijenga Unguja na Pemba asili yake ni visiwa vya Maluku, na baadaye ikawa inauzwa Indonesia hiyo hiyo kwa watengenezaji wa sigara za kretek.

Sasa hoja iliyo kali kuliko zote. Je, si jeshi lililoishikilia Indonesia? Mwaka 1965 na 1966 watu walioshukiwa kuwa wakomunisti waliuawa kwa idadi ambayo wachunguzi wengi huikadiria kuwa nusu milioni au zaidi. Timor Mashariki ilivamiwa mwaka 1975. Wachina wa Indonesia walizuiwa kufanya sherehe zao hadharani tangu mwaka 1967, na mwezi Mei 1998, siku chache kabla ya Rais Suharto kung'atuka, maduka yao yalichomwa na wengi wakadhulumiwa vibaya. Huko Papua, mwaka 1969, wajumbe wapatao 1,000 waliochaguliwa chini ya macho ya jeshi waliamua kwa niaba ya watu wote kubaki ndani ya Indonesia. Anayeyataja haya hasemi uongo, na Mwindonesia aipendaye nchi yake hana faida kuyaficha. Lakini yanathibitisha nini? Tazama matokeo yake. Miaka 24 ya bunduki haikuwafanya Watimor kuwa Waindonesia. Walipopewa kura mwaka 1999, zaidi ya robo tatu walichagua kuondoka. Papua hadi leo haijatulia. Mahali nguvu ilipotumika badala ya kujizuia, fahari ya taifa haikuota. Basi si jeshi lililozaa umoja.

Aceh inatoa ushahidi wa upande wa pili. Vuguvugu la kujitenga lilianza huko mwaka 1976, na vita vikaendelea kwa miongo mitatu bila mshindi. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoacha zaidi ya watu 160,000 wa Indonesia wakiwa wamekufa au kupotea, pande mbili zilitia saini mkataba wa amani mjini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005. Jakarta ilikubali jambo zito: vyama vya siasa vya jimbo lenyewe. Mwaka uliofuata Irwandi Yusuf, aliyekuwa upande wa waasi, alichaguliwa kuwa gavana, na Aceh imebaki ndani ya taifa. Hivyo pia kwa Wachina: marufuku ile iliondolewa mwaka 2000 na Rais Abdurrahman Wahid, aliyekuwa kiongozi wa Nahdlatul Ulama, chama kikubwa cha wanazuoni wa Kiislamu, na tangu mwaka 2003 mwaka mpya wa Wachina ni sikukuu ya taifa zima. Haya hayakutoka kwenye bunduki.

Lipo moja ambalo naliona halina jibu rahisi. Kiindonesia kimefaulu mno. Vijana wa mijini hukitumia hata nyumbani, na lugha nyingi ndogo za mashariki zinabaki na wazee. Vijana wa mwaka 1928 walipochagua lugha ya umoja walidhani zilizobaki zingeishi kando yake kwa amani. Hawakukisia redio, shule na simu. Wasiwasi huo unakwenda pamoja na ule wa mji mkuu mpya unaojengwa Kalimantan Mashariki, kwa sheria ya mwaka 2022. Kuutoa mji mkuu Java ni hatua ya maana. Ni kama kwamba mkubwa ameombwa tena asogee. Lakini mji wenyewe umepewa jina Nusantara, neno la Kijava cha kale kutoka enzi za dola ya Majapahit, ambalo kwa Wajava wakati ule lilimaanisha visiwa vya nje, vilivyotazamwa kutoka kwao. Na mahali unapojengwa, wilaya ya Sepaku, hapakuwa patupu. Kuna jamii ndogo ya Wabalik, wenye makaburi, mito na lugha yao pale, wanaotazama magari ya ujenzi yakipita na kusubiri kujua watapewa nafasi gani katika mji utakaobeba bendera ya wote.