Una ulemavu na unafanya kazi? Matibabu bado ni haki yako

Mfikirie fundi viatu anayetumia kiti cha magurudumu. Tangu asubuhi hadi jioni amekaa sokoni akishona. Ana kidonda kwenye makalio, lakini haendi kituo cha afya. Anasema moyoni: "Wakijua ninapata pesa, watanifuta kwenye matibabu." Je, hofu hiyo ni ya kweli?

Hapana. Hapa Uganda, malipo katika vituo vya afya vya serikali yaliondolewa mwaka 2001. Mkimbizi hutibiwa pamoja na mwenyeji, awe na kipato au asiwe nacho. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inakuruhusu kufanya kazi. Usichanganye matibabu na mgao wa chakula, ambao mwaka 2023 ulianza kutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji. Hayo ni mambo mawili tofauti. Lakini fahamu kwamba kliniki na maduka ya dawa ya watu binafsi hutoza pesa.

Wewe unayefanya kazi, zingatia haya:

- Ukikaa muda mrefu, jiinue kwa mikono kila baada ya nusu saa. Jioni kagua ngozi yako kwa kioo, au mwombe ndugu akusaidie. Sehemu isiyo na hisia huumia bila wewe kujua.
- Usijinyime maji kwa sababu choo kiko mbali. Kubana mkojo huleta maambukizi.
- Kama una kifafa, usiruke dawa hata siku ya soko.
- Kama umeajiriwa kwa mwezi mmoja au zaidi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Omba karatasi ya daktari na uitunze.

Huwezi kufika kituoni? Mtume mtoto au jirani amwite mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Ukifika, mweleze muuguzi mapema kama huwezi kukaa kwenye foleni.

Fundi wetu akienda leo, atapoteza asubuhi moja ya kazi. Akingoja, kidonda kinaweza kufika kwenye mfupa, naye atalala miezi mingi bila kushika sindano. Nenda mapema. Kazi yako inahitaji mwili wako.