Rabi Obadia Sforno, Tabibu na Mfafanuzi wa Torati

Katika masomo ya Matengenezo ya Kanisa jina la Johannes Reuchlin hutajwa mara nyingi. Ndiye aliyetoa, mwaka 1506, kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiebrania ambacho Martin Luther alikitumia. Tena alikuwa kaka wa bibi yake Philipp Melanchthon. Lakini Reuchlin mwenyewe alifundishwa na nani? Walimu wake wakuu walikuwa Wayahudi wawili, na wote wawili walikuwa matabibu. Wa kwanza, Jakob Loans, alimtibu Kaisari Frederick III. Wa pili, ambaye twataka kumweleza hapa, ni Rabi Obadia Sforno.

Sforno alizaliwa Cesena, nchini Italia, yapata mwaka 1475, akasoma falsafa, hesabu na elimu ya tiba huko Roma. Reuchlin alipofika Roma kwa ujumbe mwaka 1498, alijifunza kwake kila siku. Ameandika kwamba alifundishwa kwa upole mwingi, ila kwa ujira usio mdogo. (Wanafunzi wanaonung'unikia vitenzi vya Kiebrania na wakumbuke kwamba mjumbe huyu aliyekwisha kupita miaka 40 alilipa ili ateswe navyo.) Mwaka 1501 Sforno alihitimu utabibu huko Ferrara. Baadaye alikaa Bologna, akaongoza chuo cha Torati na kuendelea kutibu wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1550.

Kazi yake kuu ni ufafanuzi wa vitabu vitano vya Musa. Hutafuta maana iliyo wazi ya maneno, na hapendi kupamba. Utabibu wake huonekana hasa katika Mambo ya Walawi 13. Huko huyapima madoa ya ngozi kwa jicho la mtu aliyezoea kugusa wagonjwa; lakini afikapo kwenye pigo la mavazi, husema pasipo kusita kwamba jambo hilo haliwezi kutokea kwa maumbile, na kwamba ni ishara itokayo kwa Mungu. Twaona hapa tabibu anayejua mahali elimu yake inapokoma. Si wafafanuzi wote walio na adabu hiyo.

Hata hivyo sehemu inayotugusa zaidi ni Kutoka 19:5-6. Wengi husoma neno "tunu" kana kwamba Mungu amewapenda Israeli na kuwaacha wengine. Sforno hasomi hivyo. Kwake wanadamu wote ni wa thamani mbele za Mungu kuliko viumbe vingine vyote, na tofauti kati ya mataifa ni ya kadiri tu. Tena Israeli wamefanywa ufalme wa makuhani ili wawafundishe wanadamu wote kuliitia jina la Bwana na kumtumikia kwa umoja. Uteule, basi, ni kazi kwa ajili ya wengine. Anayehubiri 1 Petro 2:9 juu ya ukuhani wa waamini wote atafanya vyema kuipima hoja hii.

Mwaka 1537, mwaka ule ule Makala za Schmalkalden zilipowekwa mbele ya wakuu wa Kilutheri, Sforno alichapisha Bologna kitabu kiitwacho Nuru ya Mataifa. Humo abishana na Aristotle juu ya umilele wa maada, ujuzi wa Mungu na nafsi ya mwanadamu, akifuata utaratibu wa wanazuoni wa Kikristo: swali, hoja za pande mbili, kisha uamuzi. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kilatini, kikatoka mwaka 1548, akampelekea Mfalme Henry II wa Ufaransa. Jina la kitabu halikuwa pambo.

Kati ya matoleo hayo mawili, mwaka 1543, Luther aliandika kwamba masinagogi yachomwe moto na Wayahudi wanyang'anywe vitabu vyao. Hatuwezi kuyapitia maneno hayo kimya. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani liliyakataa waziwazi mwaka 1994. Luther aliyeandika hivyo alikuwa amejifunza Kiebrania kwa msaada wa kitabu cha mwanafunzi wa rabi huyu, naye rabi alikuwa angali hai, akifundisha.

Vitabu vilichomwa kweli: Talmudi iliteketezwa Roma mwaka 1553. Ufafanuzi wa Sforno ulichapishwa Venice mwaka 1567. Miaka miwili baadaye Papa Pius V aliwafukuza Wayahudi wa Bologna. Ufafanuzi wenyewe ungali unachapishwa kando ya maneno ya Torati katika Biblia za Kiyahudi.