Mabwawa Yaliyotelekezwa Uani: Biashara ya Kuyafufua Yahitaji Vipimo

Nyuma ya kuta nyingi za Mikocheni, Msasani, Oysterbay na Mbezi Beach, jijini Dar es Salaam, kuna mabwawa ya kuogelea ambayo hayajaingiwa na mtu kwa miaka. Mengine yana maji ya kijani, mengine yamejaa majani ya mwembe yaliyooza, na mengine yamegeuzwa stoo ya viti vibovu. Nyumba hizo zinapouzwa, mnunuzi huangalia paa, kuta na hati, kisha hulikumbuka bwawa akishahamia. Kutokana na kazi ya kuyarejesha mabwawa hayo wanaishi mafundi, wauza kemikali, wenye maboza na waagizaji wa pampu. Ni biashara halali na yenye faida, lakini inaendeshwa kwa kukisia, na anayelipia makisio hayo ni mwenye nyumba mpya.

Tuchukue bwawa la kawaida la uani: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000, au ndoo 2,400 za lita 20. Nitalitumia bwawa hili hadi mwisho wa makala, kwa kuwa bei za vifaa hupanda na kushuka, lakini ukishajua kiasi kinachohitajika unaweza kukizidisha kwa bei ya siku hiyo dukani.

Kwa nini watu huyaacha? Mirathi isiyokwisha ni sababu mojawapo, na mpangaji aliyeondoka bila mwingine kuja ni nyingine. Sababu kubwa zaidi ni umeme. Pampu ya nguvu ya farasi moja hula takriban kilowati 1. Ili maji yote yapite kwenye filta mara moja kwa siku, huhitaji kufanya kazi kama saa 8. Hizo ni uniti 240 kwa mwezi. Kwa bei ya umeme ya daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika kama shilingi 356, bwawa peke yake linakula zaidi ya shilingi 85,000 za LUKU kila mwezi, liogelewe au lisiogelewe. Mwenye nyumba anayeishi Mwanza au ughaibuni huizima pampu kwanza. Klorini huisha baada ya siku chache, na wiki haziwi nyingi kabla maji hayajageuka rangi.

Wanaoifanya kazi hii wako katika makundi ambayo hayafanani. Kuna kampuni zinazoagiza pampu, filta na kemikali kutoka nje na kuhudumia mahoteli; kwao bwawa la nyumbani ni kazi ndogo, na bei yao ni ya hoteli. Kuna mafundi waliojifunza hotelini, wakaacha ajira na kujitegemea, kila mmoja akihudumia mabwawa kadhaa kwa pikipiki. Hawa ndio nguzo ya biashara hii, na wengi wao wana mikono mizuri sana. Kuna watunza bustani ambao mwajiri aliwaongezea kazi ya bwawa bila kuwapa mafunzo wala barakoa. Na kuna mafundi wa jirani ambao kila mradi huwahitaji bila kuwataja: wa vigae, wa bomba na wa kusuka mota. Mota ya pampu iliyokaa miaka bila kuzunguka mara nyingi huwa imeungua au imeshika kutu kwenye beringi, na fundi mzuri wa kusuka huirudisha kazini kwa gharama ndogo kuliko mota mpya. Nyumba ya pampu ikiwa imepasuka, hapo kubadilisha ni lazima.

Hesabu huanza kuharibika siku ya kwanza. Mwenye nyumba anapiga simu, fundi anakuja, anatazama maji ya kijani, anataja kiasi kimoja cha fedha kwa kazi nzima. Hajapima kitu. Hajui kama bwawa linavuja, kama mabomba ni mazima wala kama vigae vimeshika. Akitaja bei ndogo, atarudi katikati ya kazi kudai nyongeza. Akitaja kubwa, mteja analipia matatizo ambayo huenda hayapo.

Upimaji wenyewe hauhitaji mashine. Fundi makini hupita ukutani akigonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Kilichoshika hutoa sauti kavu na fupi. Kilichoachia hulia utupu, na fundi hukiwekea alama ya chaki. Akimaliza, alama zikiwa chache, vigae vinavyolia hubanduliwa na kubandikwa upya. Zikienea ukuta mzima, plasta ya nyuma ndiyo iliyokufa, na hiyo ni kazi tofauti kabisa kwa muda na kwa fedha.

Kuhusu uvujaji, ndoo moja inatosha. Huijaza maji ya bwawa, huiweka kwenye ngazi ndani ya bwawa hadi maji ya ndani na ya nje yawe kimo kimoja, na kuchora mstari pande zote mbili. Pampu inabaki imezimwa kwa saa 24. Jua hunyonya maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiwango kilekile. Katika joto la Pwani, milimita 5 hivi kwa siku si ajabu. Ikiwa ndoo imepungua milimita 5 na bwawa milimita 15, zile 10 za ziada zimepita kwenye ufa. Katika bwawa letu lenye mita za mraba 32, hizo ni lita 320 kwa siku. Jaribio hurudiwa pampu ikiwa inafanya kazi, na upotevu ukiongezeka, kosa linatafutwa kwenye mabomba kabla mtu hajagusa ukuta. Nimeona mafundi wakiifanya kazi hii kwa uangalifu mkubwa bila kuitoza hata senti, eti kwa sababu hakuna kitu walichouza. Nadhani hapo wanajidhulumu. Upimaji ndiyo huduma yenye thamani kuliko zote walizonazo, na ulipiwe.

Baada ya hapo huja uamuzi wa kuyamwaga maji au kuyaokoa, na ndio uamuzi wenye hatari. Wenye nyumba wengi huagiza bwawa likaushwe siku hiyohiyo kwa sababu maji yanachukiza macho. Maeneo kama Mikocheni na Msasani maji ya ardhini yako karibu, na wakati wa masika hupanda zaidi. Bwawa letu likiwa limejaa lina tani 48 za maji zinazolikandamiza chini. Ukizitoa, maji ya ardhini yanalisukuma kutoka chini, na sakafu inaweza kupasuka au bwawa zima kuinuka. Baadhi ya mabwawa yana valvu ya kupunguza msukumo huo, lakini baada ya miaka ya kutelekezwa mara nyingi imeziba. Fundi anayejua kazi huchimba shimo pembeni kwanza, aone maji yako umbali gani. Asiyejua huwasha pampu ya kunyonya na kwenda kunywa chai.

Kiangazi nacho kina shida yake. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji, kujaza lita 48,000 kungekuwa jambo gumu kulitetea mbele ya majirani. Kwa boza la lita 10,000 hizo ni safari tano. Kisima hupunguza gharama, ila visima vingi vya ukanda wa bahari vina chumvi, na vingine vina madini ya chuma ambayo yakikutana na klorini huyafanya maji kuwa ya kahawia. Kwa hiyo, sakafu ikiwa nzima na taka zikiweza kuchotwa kwa wavu, ushauri wangu ni kuyaokoa maji. Ukilazimika kukausha, subiri masika yaishe na ardhi ikauke.

Kuyaokoa ni kazi ya siku kadhaa, na mpangilio wake una sababu. Taka hutolewa kwanza, kwani klorini itamalizwa na majani yaliyooza kabla haijaufikia mwani. Kisha hupimwa pH, na hushushwa hadi karibu 7.2. Katika kiwango hicho, takriban theluthi mbili ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu. pH ikifika 8, inabaki kama robo tu au pungufu. Mteja ambaye fundi wake hakupima pH huenda anatupa robo tatu ya fedha yake majini. Halafu ndipo klorini ya punje inapoingia. Kilo moja ya ile ya asilimia 65 huongeza miligramu 13 hivi kwa kila lita ya bwawa letu, kiasi cha kutosha kuanzia, na hurudiwa kulingana na kipimo cha asubuhi. Kuta hupigwa brashi. Maji yakibaki na ukungu, shabu hukusanya uchafu na kuutuliza chini usiku, na kesho yake hunyonywa na kumwagwa nje badala ya kupitishwa kwenye filta.

Filta nayo isisahaulike. Tangi la kipenyo cha sentimita 60 huchukua takriban kilo 150 za mchanga maalumu uliochekechwa kwa saizi. Kuweka mchanga wa ufukweni, kama wanavyofanya baadhi, ni kuziba filta kwa vumbi na vipande vya makombe.

Kwenye kemikali sina lugha ya kulegeza. Klorini ya punje na klorini ya vidonge zikichanganywa zikiwa kavu, hata kwa kutumia kikombe kimoja cha kuchotea, zinaweza kuwaka moto. Asidi ikikutana na klorini hutoa gesi inayounguza mapafu. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na wafanyabiashara wa kemikali wanatakiwa kusajiliwa. Klorini iliyopimwa kwenye mfuko wa rambo bila jina wala asilimia isinunuliwe kwa bei yoyote.

Bwawa bovu pia si la mwenye nyumba peke yake. Mwaka 2007, katika Kaunti ya Kern jimboni California, wagonjwa wa virusi vya Nile Magharibi, vinavyoenezwa na mbu, waliongezeka kwa asilimia 276, na watafiti walihusisha ongezeko hilo na mabwawa yaliyoachwa na watu walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba. Sisi tuna malaria, na mbu wake hupenda maji yaliyotuama yanayopigwa na jua. Mradi ukichelewa, viuadudu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha huua viluwiluwi wakati unatafuta fedha.

Na wapo ambao wasingepaswa kulifufua kabisa. Familia isiyoogelea, isiyopangisha nyumba, yenye watoto wadogo na uzio haupo, ina haki ya kulifukia. Sakafu hutobolewa kwanza ili maji ya mvua yapite, ndipo kifusi huwekwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka.

Kwa anayeamua kulitunza, pampu ya kisasa inayobadili kasi inastahili kuangaliwa: kasi ikipunguzwa kwa nusu, pampu hula takriban moja ya nane ya umeme, hivyo hata ikifanya kazi mara mbili ya muda, uniti zinashuka hadi karibu robo. Hilo ndilo linaloweza kulizuia bwawa lisitelekezwe tena.

Mafundi wakitaka wateja hawa wapya wadumu, waanze kutoa karatasi ya vipimo: kimo cha maji, vigae vilivyoachia, hali ya mota, pH, kisha bei kwa kila kipengele. Nawe unayenunua nyumba, mpeleke fundi na ndoo yake kabla hujasaini mkataba. Ufa uliogunduliwa wakati huo unapunguzwa kwenye bei ya nyumba. Ukigunduliwa baada ya hapo, unaulipia wewe.