Mguu Mfupi wa Herufi m

Kwenye kompyuta za IBM zilizotoka mwaka 1987, zile zilizoleta mfumo wa skrini ulioitwa VGA, herufi m ndogo ya fonti ya msingi, ile ya pikseli 8 kwa 16, ina miguu mitatu na mguu wa katikati ni mfupi kuliko wenzake. Miguu ya pembeni ina unene wa pikseli mbili kila mmoja. Wa katikati una pikseli moja tu, tena unaishia safu moja kabla ya kufika chini. Aliyejifunza kompyuta miaka ya tisini katika vile vyuo vya ghorofani vya Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, ambako WordPerfect ilifunguka kwa rangi ya buluu na maandishi meupe, ameziona herufi za mfumo huo kila siku ya masomo bila kuzitazama. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku hizi riziki yangu ni kusanifu herufi, hapa hapa Mombasa, na kazi iliyo mezani kwangu sasa ni familia ya fonti inayotokana na herufi zile za skrini. Nilianzia kwenye mguu ule mfupi.

Kwanza tuelewane fonti zile zilikuwa kitu gani. Skrini ya VGA, ikiwa katika hali ya maandishi, iligawanywa mistari 25, kila mstari ukiwa na nafasi 80. Kila nafasi ilikuwa kijumba cha pikseli 9 kwa upana na 16 kwa urefu, na kwa herufi za kawaida pikseli ya tisa iliachwa wazi ili herufi isigusane na jirani yake. Ndani ya kijumba hicho msanifu alikuwa na jambo moja tu la kuamua: pikseli hii iwake au isiwake. Rangi ya katikati haikuwepo, wala nusu pikseli. Alama zote 256 zilienea katika baiti 4,096. Fonti za namna hii huitwa bitimapu.

Sasa tuhesabu m. Upana wake ni pikseli 7: mbili za mguu wa kushoto, moja wazi, moja ya mguu wa katikati, moja wazi, mbili za mguu wa kulia. Pikseli ya nane nayo imeachwa wazi, ili herufi zitengane hata pale kijumba kinapokuwa cha pikseli 8 tu. Ukitaka miguu ya pembeni ilingane unene na miguu ya herufi nyingine, na ukitaka mwanga upite katikati ya miguu, hakuna hesabu nyingine inayokubali. Kwa hiyo wembamba wa mguu wa katikati haukuwa hiari ya mtu. Msanifu alilazimishwa na kijumba. Ufupi wake ni habari nyingine. Safu ya chini ilikuwepo na ilikuwa tupu, na hakuna kilichomzuia kuijaza. Aliiacha. Naamini aliona kwamba miguu mitatu ikifika chini kwa pamoja, m itakuwa doa zito katikati ya mstari, akaifungua kwa chini ili ipumue. Herufi w nayo imefanyiwa vivyo hivyo kwa upande wa pili: mstari wake wa katikati unaanza chini zaidi, na juu pameachwa wazi.

Anayetaka kuzihamisha herufi hizi kutoka ulimwengu wa pikseli kwenda ulimwengu wa fonti za leo atakutana na swali hilo katika kila herufi: lipi lilikuwa shuruti ya kijumba, na lipi lilikuwa uamuzi wa mtu mwenye jicho? La kwanza unaweza kuliacha. La pili ukiliacha, huna tena herufi ile.

Fonti za leo, zilizo kwenye simu na kompyuta yako, ni za kontua. Umbo la herufi huhifadhiwa kama mstari unaolizunguka, uliofungwa kwa pointi chache, na kati ya pointi na pointi mstari hunyooka au hupinda. Hesabu za mipindo hiyo zilikomaa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau akiwa Citroën na Pierre Bézier akiwa Renault, kila mmoja akitafuta njia ya kuielezea mashine umbo la bodi ya gari. Mwaka 1985 kampuni ya Apple ilipotoa printa ya LaserWriter iliyotumia lugha ya PostScript ya Adobe, mipindo hiyo ikaingia kwenye kazi ya maandishi. Herufi ikachorwa mara moja kwenye uwanja wenye vipimo, mara nyingi 1,000 kutoka juu hadi chini, halafu ikakuzwa au kupunguzwa kwa saizi yoyote unayotaka.

Njia ya haraka ya kupata kontua kutoka kwenye bitimapu ni kuiambia programu izungushie mstari kila mraba. Fonti nyingi za kizamani zinazopatikana mtandaoni zimetengenezwa hivyo. Shida ni kwamba pikseli za VGA hazikuwa miraba. Skrini ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na juu yake zilipangwa pikseli 720 kwa upana na 400 kwa urefu. Piga hesabu utaona kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake kwa mara 1.35. Ukizichora kwa miraba, m inakuwa bapa, saba kwa saba, kama imekaliwa. Kwa pikseli za skrini ile inasimama, upana 7 na urefu karibu 9 na nusu.

Kosa hilo linaharibu pia unene. Katika fonti ya VGA mistari mingi ya wima ina pikseli mbili na ya mlalo ina safu moja. Kwa miraba, wima ni nene mara mbili ya mlalo, na maandishi yanaonekana kama uzio wa nguzo. Kwa pikseli halisi, uwiano ni 2 kwa 1.35, yaani wima imezidi mlalo kwa nusu hivi. Huo ni uwiano wa kiungwana kabisa, unaosomeka kurasa kwa kurasa. Watu wanaosema herufi za skrini za zamani zilikuwa mbaya mara nyingi wanahukumu nakala iliyopondwa.

Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 haikuwa na tatizo hilo, kwa sababu pikseli zake, 512 kwa 342, zilikuwa miraba kweli. Fonti zake za mwanzo nyingi zilichorwa na Susan Kare, msanii aliyeajiriwa na Apple bila kuwahi kusanifu fonti ya kompyuta. Amekuwa akifananisha kazi ile na mozaiki na ushonaji wa nakshi, na yeyote hapa pwani aliyemtazama fundi wa kofia akihesabu nyuzi kabla ya kuchoma sindano ataelewa papo hapo. Fonti zake alizipa majina ya vituo vya reli ya kitongoji karibu na Philadelphia. Steve Jobs akataka majina ya miji mikubwa ya dunia, na ndipo zikazaliwa Chicago, Geneva, New York na Monaco.

Chicago ndiyo iliyoandika menyu za Mac. Mistari yake ya wima ina pikseli mbili, na ulalo wake ni wa nyuzi 45 tu, ili usionekane na mikwaruzo. Unene ule ulikuwa na faida. Skrini ile ilikuwa na nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo chaguo ambalo halikuweza kutumika kwa wakati huo lilififishwa kwa kuzima pikseli moja katika kila mbili. Herufi nyembamba ingesambaratika. Chicago iliendelea kusomeka. Ukijua hilo, huwezi tena kuuona uzito wa Chicago kama pambo.

Mwaka 1991 Apple ilipoleta fonti za kontua za TrueType kwenye mfumo wake, kazi ya kuzichora upya Chicago, Geneva, Monaco na New York walipewa Charles Bigelow na Kris Holmes, ambao tayari walikuwa wametoa Lucida, familia iliyokusudiwa printa na skrini zenye nukta chache. Hawakuzungushia mistari kwenye miraba. Kona zilizokatwa kwa ngazi za pikseli wakazigeuza mipindo laini, nguzo nene wakaziacha nene, mistari ya mlalo wakaiacha myembamba. Ukiiweka Chicago ya kontua kando ya ile ya pikseli unatambua ni ndugu mmoja. Huo, kwangu, ndio ufundi wenyewe.

Zuzana Licko alipita njia nyingine. Alizaliwa Bratislava, akakulia Marekani, na pamoja na Rudy VanderLans akaanzisha kampuni ya Emigre huko California mwaka 1984. Wasanifu wengi wa wakati huo waliidharau Mac. Yeye aliona ngazi za pikseli zina uzuri wake, akachora fonti za bitimapu kama Emperor na Oakland bila kuzificha. Fonti yake ya Citizen, ya mwaka 1986, ilitokana na kituko cha mashine: wakati wa kuchapa kulikuwa na chaguo la kulainisha bitimapu, nalo liligeuza ngazi kuwa vipande vifupi vya mistari iliyonyooka. Licko akavichukua vipande hivyo na kuvifanya kanuni ya fonti nzima. Mipindo yote ya Citizen imejengwa kwa mistari iliyonyooka. Alichohifadhi ni shuruti yenyewe, na aliihifadhi kwa makusudi na kwa nidhamu.

Matthew Carter, alipoichorea Microsoft fonti ya Verdana iliyotoka mwaka 1996, alianza na pikseli. Alipanga kwanza bitimapu za saizi ndogo zinazosomwa kwenye skrini, akazijaribu mpaka akaridhika, ndipo akachora kontua za kuzivalisha. Baadaye Tom Rickner akaweka ndani ya fonti maagizo ya kuilazimisha kontua irudi kwenye pikseli zile zile kila inapoonyeshwa kwa saizi ndogo. Ndiyo maana Verdana ina nafasi pana kati ya herufi, na I kubwa yake ina vipande vya mlalo juu na chini ili isichanganywe na l ndogo.

Wapo pia wanaotaka kuhifadhi kioo chenyewe, mng'ao na mistari yake. Jens Kutilek, Mjerumani, ametengeneza Sixtyfour kutokana na herufi za Commodore 64, na mtumiaji anaweza kuongeza au kupunguza mwanga unaovuja kutoka kwenye pikseli na pengo kati ya safu. Naipenda kwa bango. Kwa kitabu sitaitumia.

Turudi mezani kwangu. Fonti ninayochora ni ya kusomea Kiswahili, na Kiswahili hakina huruma kwa m na w. Fungua ukurasa wowote: mwalimu, mwanamwali, wamwambie, mmomonyoko. Fonti nyingi za upana mmoja huzibana herufi hizo mbili kwenye kijumba sawa na cha i, na kwa Kiingereza jambo hilo husameheka kwa sababu hazirudi mara nyingi kiasi hicho. Kwetu zinarudi katika kila sentensi, na kila zinaporudi mstari unapata giza. Kwa hiyo upana wa m nimeuongeza, maana ule ulikuwa shuruti, lakini ule ufupi wa mguu nimeubakiza kwenye uzito wote.

Nimeongeza pia kitu ambacho kijumba hakikuruhusu. Herufi ya duara kama o ikilingana kabisa na x kwa kimo, jicho huiona fupi, na wasanifu huipitisha kidogo juu na chini ya mstari. Kwenye VGA herufi ndogo zilikuwa na safu 7 za urefu. Kuongeza safu moja kungeirefusha o kwa moja ya saba, na kila mtu angeona kioja. Kwenye uwanja wa vipimo 1,000 naipitisha kwa 10 hivi na hakuna anayegundua isipokuwa macho yanayotulia.

Herufi nzito hazina babu wa kumrejea. Katika hali ile ya maandishi, neno lililotakiwa kukolezwa liliongezewa mwangaza tu; umbo lilibaki lile lile. Hapo nimelazimika kujitungia, na kipimo changu ni kwamba matundu ya a na e yasizibe hata kwa saizi ya tanbihi.

Sehemu iliyonichukua muda kuliko zote ni alama ile ya ng'. Kwenye fonti ya kijumba ritifaa hupewa nafasi nzima kama herufi kamili, na ng'ombe huonekana maneno mawili yaliyokaribiana. Vizazi vya waandishi wetu wa kompyuta vimelizoea pengo hilo. Mimi nimeamua kuiweka ritifaa karibu na bega la g, nimeinyoosha badala ya kuipinda, na nimepima nafasi yake na kila irabu inayoweza kuifuata: ng'ambo, ng'e, ning'inia, ng'oa, kung'uta. Ya i ndiyo ngumu, kwa sababu nukta yake na ritifaa hugombea mahali pamoja, na bado naisogeza kipimo kimoja kimoja, naichapa kwenye karatasi, naisogeza tena.