Mwenye Kompyuta Si Lazima Awe Msimamizi

Kompyuta haimtambui mtu, huitambua akaunti. Ukishaingia, kila programu unayoifungua hufanya kazi kwa jina lako na kwa mamlaka yako: kivinjari, programu ya muziki, hata mchezo ambao mtoto ameuleta kwenye flashi. Kama akaunti yako inaruhusiwa kubadili chochote, basi na mchezo ule una njia ya kubadili chochote. Ndiyo maana swali la nani apewe mamlaka gani linamhusu hata anayeishi peke yake.

Kwenye Windows kuna aina mbili za akaunti. Msimamizi husakinisha programu za kutumiwa na wote, huongeza na kufuta watumiaji, huzima kinga, na akitaka hufungua folda za wenzake. Mtumiaji wa kawaida huandika, huvinjari, huchapa na kuhifadhi kazi zake, ila hawezi kubadili mafaili ya mfumo wala kusoma nyaraka za mwingine. Akaunti inayoundwa siku ya kwanza huwa ya msimamizi, na nyumba nyingi huishia hapo: baba, mama, watoto na mgeni wote wanaingilia mlango mmoja.

Kugawa mamlaka si jambo jipya. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kanuni kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yanayotosha kazi yake, basi. Unix, iliyotumiwa na watu wengi kwenye mashine moja, ilikuwa tayari na akaunti kuu ya pekee iitwayo root. Kompyuta za nyumbani zilichelewa. Kwenye Windows 95, kidirisha cha nenosiri kilipotokea, uliweza kughairi na bado ukaingia. Windows XP ya mwaka 2001 iliweka mipaka, lakini watumiaji waliosajiliwa wakati wa kuisakinisha walifanywa wasimamizi. Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, ndiyo iliyoanza kuuliza, kwa kidirisha, kabla ya kuruhusu programu ibadili mfumo. Watu wakalalamikia maswali kuzidi, na Windows 7 ikayapunguza.

Kitazame vizuri kidirisha hicho cha kuomba ruhusa. Skrini nzima hufifia kikabaki chenyewe, kwa sababu kimewekwa mahali ambapo programu nyingine haziwezi kukibonyezea kitufe kwa niaba yako. Kinataja jina la programu na mchapishaji wake, au kinasema kuwa mchapishaji hajulikani. Kwa msimamizi, jibu ni Ndiyo au Hapana. Kwa mtumiaji wa kawaida, kinadai nenosiri la msimamizi. Tofauti yote iko hapo: kidole kilichozoea kubonyeza Ndiyo hakisomi, lakini anayelazimika kuandika nenosiri hupata nafasi ya kujiuliza, na asiyelijua itabidi aje kukuuliza.

Kujipanga hakuhitaji fundi. Fungua Mipangilio, kisha Akaunti, uongeze akaunti mpya na kuifanya ya msimamizi. Ipe nenosiri imara, uingie nayo kuhakikisha inafanya kazi. Ndipo uishushe akaunti yako ya kila siku iwe ya kawaida, na kila mtoto umfungulie yake. Usigeuze utaratibu huo: kompyuta ambayo nenosiri la msimamizi wake limesahaulika haina wa kuidhinisha lolote. Andika nenosiri hilo mahali salama, mbali na kompyuta yenyewe.

Akaunti ya kawaida ina kikomo chake. Programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia haihitaji mamlaka ya msimamizi ili kuharibu picha zako za harusi au hesabu za duka, maana wewe mwenyewe unaruhusiwa kuzibadili. Kinga yake ni nakala kwenye diski ya nje, nayo ichomolewe ukimaliza kunakili. Vilevile, aliyeiba kompyuta anaweza kuitoa diski na kuisoma kwingine, isipokuwa kama imesimbwa.

Hata hivyo faida ni kubwa. Uharibifu ukiingia kwenye akaunti ya kawaida, mara nyingi huishia humohumo. Unaingia kwa akaunti ya msimamizi, unaifuta iliyoharibika, unaunda nyingine na kurejesha mafaili kutoka kwenye nakala. Ingekuwa ya msimamizi, pengine ungelazimika kuisakinisha Windows upya.